Operesheni za Sajenti Efraimu

Tangu astaafu jeshi, Sajenti Efraimu hakufanya kazi tena. Alifanya operesheni. Kupunguza majani ya migomba ilikuwa Operesheni Migomba. Kutoa samadi bandani ilikuwa Operesheni Samadi. Panya walipoingia darini ikafanyika Operesheni Dari, ikaisha panya wakiwa salama na dari ikiwa chini.

Mkewe Elinipendo alikuwa mtu wa subira. Alijua kwamba mwanamume aliyepokea amri miaka mingi, akirudi nyumbani lazima atafute wa kumpa. Kwa kuwa watoto wao walikwisha kuondoka, amri nyingi zilikwenda kwa ng'ombe. Ng'ombe naye alikuwa wa subira.

Binti yao Pamela, anayefundisha Kiingereza sekondari na kuishi Njoro, mjini Moshi, aliwahi kumweleza baba yake kwamba Waingereza wenyewe hulitumia neno hilo kila mahali. Askari wakivamia mji ni operesheni, daktari akipasua tumbo ni operesheni, hata mashine ikiwa inafanya kazi kiwandani ni hilohilo. Efraimu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema neno linalokwenda kila mahali ni kama mbuzi asiye na kamba, baadaye hamjui ni wa nani. Kisha akachukua shoka akaenda kwenye Operesheni Kuni.

Ilikuwepo operesheni moja tu ambayo hakuiita kwa jina lake. Mganga wa macho aliyekuja kupima watu kanisani alimwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na dawa yake ni kupasuliwa tu. Ni kazi fupi, alisema, watu hurudi nyumbani wakiona. Sajenti alimshukuru. Tangu siku hiyo jambo hilo akaliita "kule". Pamela alipopiga simu kuuliza lini atashuka Moshi, alijibu kwamba kule atakwenda kahawa ikishavunwa. Kahawa ikavunwa. Kule kukasogea hadi baada ya Krismasi. Krismasi ikaja, watoto wakapanda kutoka Dar na Arusha, wakala nyama, wakashuka. Kule kukasogea hadi baada ya mvua.

Elinipendo hakumsukuma, kwa kuwa alijua. Miaka mingi nyuma, usiku mmoja wa mvua, mumewe alimsimulia jinsi kule vitani Uganda alivyomshika mikono rafiki yake Basili, wakati tabibu wa kikosi akimtoa kipande cha chuma kwenye jicho kwa mwanga wa tochi. Basili alipona. Bado hutuma salamu kila mwaka mpya, na jicho lake moja linamtosha. Lakini Efraimu alisimulia mara hiyo moja tu, na alipomaliza aliomba maji.

Hakuwa kipofu kabisa. Aliona mwanga na vivuli, na mtu alimwona kama mtu anavyoonekana nyuma ya mvua. Kwa hiyo Elinipendo aliacha kuhamisha vigoda. Kikombe cha chai alikiweka mahali palepale kila asubuhi, na kabla ya kukiachia alikigonga kidogo mezani ili kisikike. Jioni mumewe alifungua Biblia na kusoma kwa sauti, na kwa mwaka mzima walisoma Zaburi ya ishirini na tatu, maana ndiyo aliyoijua kwa moyo. Elinipendo aliitikia "Amina" kila jioni kama mtu anayeisikia mara ya kwanza.

Na si yeye peke yake. Sajenti alipotembea kwenda kanisani, vijana walimsalimia wakijitaja: shikamoo Sajenti, mimi Kindness wa kwa Julius, shikamoo Sajenti, mimi Calvin, niko na baiskeli, napita kulia kwako. Alimwambia mkewe kwamba vijana wa siku hizi wana adabu kuliko wa zamani, wanajitambulisha kama wanajeshi. Elinipendo alikubali kwamba ni kweli, wana adabu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda mpaka siku ya Operesheni Kingo.

Kwenye kingo ya shamba lao Efraimu alikuwa ameotesha gwatemala, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe. Yalikuwa yamezeeka, na mvua zilikuwa karibu, kwa hiyo aliamua kung'oa mashina ya zamani ili apande mapya. Elinipendo alikuwa ameshuka Moshi, soko la Mbuyuni, kupeleka ndizi. Aliporudi mchana alipita bandani kwanza, akakuta hori limejaa majani membamba ya kijani kibichi, na ng'ombe amesimama mbele yake bila kula, akiyatazama.

Elinipendo naye akayatazama. Yalikuwa masale.

Mtu wa mlimani hahitaji kuelezwa, ila kwa mgeni ni vizuri aseme mtu. Isale ni mmea unaopandwa mpakani, kati ya kihamba cha huyu na cha yule, yaani shamba la urithi. Hauna matunda, ng'ombe hali, wala hakuna anayeuuza. Lakini ukishapandwa na wazee hakuna anayeugusa, na anayeung'oa hajang'oa mmea, ameiba ardhi.

Alikwenda mpakani taratibu, kapu likiwa bado mkononi. Gwatemala ilikuwa imesimama vizuri kabisa kwenye kingo yake. Hatua chache mbele, pale ambapo baba yake Efraimu na baba yake Hosea walipanda masale pamoja enzi za ujana wao, palikuwa na mtaro mpya ulionyooka, uliochimbwa kwa sururu kwa nidhamu ya kijeshi. Upande wa pili alisimama Hosea, jirani yao, kofia mkononi.

Hosea alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Yeye na Efraimu walichunga pamoja wakiwa wadogo, na kila asubuhi walibeba maziwa pamoja hadi kituo cha kuyapokea, Hosea mbele, Efraimu nyuma yake. Hosea hakupiga kelele. Aliuliza tu Sajenti yuko wapi.

Sajenti alikuja akipangusa mikono. Akaulizwa kwa nini. Elinipendo, aliyekuwa karibu yake, aliona uso wake ukielewa. Aliinama, akapapasa udongo, akashika kipande cha shina, akakipitisha vidoleni. Alijua alichokuwa amefanya. Hapo ilibaki kusema jambo moja dogo, kwamba hakuona.

"Mpaka ulikuwa umepinda," akasema Sajenti. "Nimeunyoosha."

Hosea alivaa kofia yake akarudi nyumbani.

Hosea alijua macho ya jirani yake si mazuri, kama kila mtu alivyojua. Lakini mtu mzima amesimama mbele yako, anakwambia mpaka ulipinda naye ameunyoosha. Anayesema amepima kwa macho, wewe ni nani umwambie hana macho? Kesho yake Hosea alibeba maziwa peke yake. Sajenti naye alitoka peke yake, akarudi ndoo ikiwa nusu na suruali ikiwa na maziwa. Alisema njia imeharibika.

Habari zilipanda na kushuka. Denis, mtoto wa Hosea aliye Dar, alimwambia baba yake kwa simu apeleke shauri baraza la ardhi, asiwe mpole. Julius, mwenyekiti wa kitongoji, alianza kupita kwa Hosea jioni. Jumapili ile Elinipendo na mumewe walipoingia kanisani walikaa benchi lao la siku zote, na benchi likabaki na nafasi kubwa. Hakuna aliyehama kwa dharau. Kila aliyekuja aliona tu mahali pengine pazuri zaidi. Na walipotoka, vijana walisalimia vizuri kabisa, shikamoo Sajenti, lakini hakuna aliyejitaja jina. Njia nzima Efraimu alijibu marahaba kwa watu asiowajua.

Usiku ule hakufungua Biblia. Alikaa tu, mikono juu ya magoti.

Elinipendo hakuwa amesema neno tangu siku ya mtaro, si kwa hasira, ila alikuwa akingoja maneno yake yaive. Aliinjika chungu cha mtori wa ndizi, akapunguza moto, akaja kuketi karibu naye.

"Baba Pamela," alisema, "kati ya mwizi wa ardhi na mtu asiyeona, mmoja naweza kuzeeka naye. Nilikuwa nazeeka naye vizuri. Usinibadilishie."

Walikula mtori. Efraimu alipomaliza aliuliza kama baraza la ardhi limekwisha kupangiwa siku. Elinipendo alimwambia anasikia ni wiki hiyo. Akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kama siku hizi watu bado wanapelekeana isale.

Bado wanapelekeana, akasema mkewe.

Maana isale linalolinda mpaka ndilo hilo linaloomba radhi. Mkosaji hukata jani kwa mkono wake mwenyewe, hulifunga fundo, na hulipeleka kwa mikono miwili. Aliyepelekewa hakatai. Akikataa, kosa linamhamia yeye. Wazee walilipa jani hilo kazi hiyo, na hadi leo, watu wenye simu kubwa na magari wanashuka kwenye magari hayo wakiwa nalo mkononi.

Asubuhi Elinipendo alikuwa akikamua aliposikia mumewe akipita nyuma ya nyumba, kulikokuwa na kaburi la baba yake. Masale yalikuwepo pale, yamelizunguka kaburi, na hayakuguswa. Alimaliza kukamua bila haraka, kwa heshima, ili ampe nafasi. Alipotoka alimkuta uani amevaa koti la kanisani na kofia, amesimama wima, jani mikononi. Fundo lilikuwa limefungwa vizuri sana.

Lilikuwa jani la gwatemala.

Elinipendo alifungua mdomo. Kisha akaufunga. Pembeni ya kaburi mumewe mwenyewe alikuwa ameotesha gwatemala mwaka juzi, katika Operesheni Malisho. Akimwambia sasa, atalitupa lile jani, atavua koti, na hatalivaa tena kwa kazi hiyo, alimjua. Asipomwambia, atakwenda mbele ya mtu aliyemkosea akiwa ameshika chakula cha ng'ombe, na Hosea anaweza kuona ni dhihaka juu ya dhuluma. Alijifunga kitenge vizuri, muda wa kujifunga ukawa ndio muda wa kuamua.

"Twende," akasema, na akatembea nyuma yake.

Kwa bahati mbaya Julius alikuwepo. Alikuwa ameketi barazani kwa Hosea na kikombe cha chai, na Yuditha, mke wa Hosea, alikuwa akimmenyea yai. Hosea aliwaona wakiingia getini, akasimama. Sajenti alitembea hadi aliposikia mtu akipumua mbele yake, akasimama, akanyoosha mikono yote miwili.

Yuditha alilitazama jani, kisha akamtazama Elinipendo. Elinipendo alimtazama vilevile, na kama macho yanaweza kupiga magoti, ya kwake yalipiga. Julius alikohoa.

"Sajenti," alianza, "lakini hili jani mbona..."

"Mwenyekiti," akasema Hosea, "kunywa chai."

Julius akanywa chai.

Hosea hakulichukua jani mara moja. Alilitazama kwa muda mrefu, akamtazama mwenye jani, koti lake la kanisani na vifungo vyake vilivyopishana kimoja, na viatu vyake vyenye udongo wa kaburini. Elinipendo aliona mabega ya Hosea yakishuka polepole, kama ya mtu anayetua mzigo. Kisha Hosea akavua kofia, akaiweka juu ya kigoda, akapokea jani la gwatemala kwa mikono miwili, kama baba zao walivyopokea.

"Nimepokea isale," akasema. "Mnaosikia, mmesikia."

Yuditha alisema amesikia. Julius alisema naye amesikia, baada ya kumeza.

Hapo jambo lingeweza kuisha. Lakini Efraimu hakuondoka. Alibaki amesimama, mikono mitupu bado mbele, na Elinipendo aliona kidevu chake kikitafuta mahali pa kukaa.

"Mpaka haukupinda," akasema. "Ulikuwa umenyooka siku zote. Mimi sikuuona, Hosea. Sioni."

"Najua."

"Umejuaje?"

Hosea aliligeuza jani mkononi. "Mtu ukikaa naye jirani maisha yote," alisema, "utakosa kujua?"

Akamshika mkono akamketisha, na Yuditha akaleta chai nyingine. Walizungumza habari za maziwa na mvua. Julius aliaga mapema. Alisema ana kikao. Baadaye, wanawake wakiwa jikoni, Elinipendo aliuliza kwa sauti ya chini jani liko wapi. Yuditha alisema amempa ng'ombe, na ng'ombe amelifurahia. Hapo ndipo wakacheka, wameziba midomo kwa vitenge, mpaka Yuditha ikabidi aketi. Hawakusema kitu kuhusu jambo hilo tena, siku ile wala nyingine.

Waliporudi barazani waume zao walikuwa wakimaliza mazungumzo. Ilijulikana baadaye kwamba Hosea alikuwa ameweka sharti moja. Mpaka utapandwa upya, alisema, lakini hautapandwa leo. Hawezi kupanda mpaka na mtu asiyeona kamba ya kupimia. Kesho na keshokutwa Denis na wenziwe watasema baba zao walipatana tu bila kupima, na watu wengine watasema Hosea alimwibia kipofu. Yeye naye ana jina la kulinda. Kwa hiyo mtaro utabaki wazi mpaka Sajenti auone kwa macho yake.

Efraimu alifikiri sana. Akauliza kule ni nani anayetoa amri.

"Nesi," akasema Hosea. "Nilimpeleka mama yangu. Anasema keti, unaketi. Anasema lala, unalala. Nitakusindikiza."

Walishuka Moshi wote watatu, wakalala kwa Pamela kule Njoro. Pamela alikuwa amepika kwa ajili ya kikosi kizima, na hakuuliza mbona imechukua muda mrefu hivyo. Elinipendo alilitia jambo hilo moyoni, maana Pamela kwa kawaida huuliza.

Hospitalini daktari alikuwa binti mdogo kuliko Pamela. Alimpa Sajenti shikamoo, akavuta kiti akakaa mbele yake badala ya kusimama, akamweleza kila atakachofanya kabla hajakifanya: sasa nitakutia dawa, itawasha kidogo, utaona mwanga, usiukimbie, hutaona kisu, hata ukitaka. Efraimu aliuliza kama kutakuwa na mtu wa kushika mikono. Daktari hakuuliza kwa nini. Alisema huwa hawafanyi hivyo, lakini leo nesi atamshika.

Elinipendo na Hosea waliketi kwenye benchi la nje. Hosea hakutafuta maneno ya kumfariji, alimmenyea tu chungwa. Kabla hawajalimaliza, Sajenti alitolewa akiwa amefunikwa jicho moja, ameshikwa kiwiko na nesi, akitembea wima kama siku ya gwaride. Mkewe akamuuliza imekuwaje.

"Operesheni imekwenda vizuri," akasema. "Ilikuwa fupi. Yule nesi ana mikono ya joto."

Kesho yake kitambaa kilipotolewa alitazama kwanza dirisha, kisha mikono yake, kisha mkewe. Alimtazama sana. Elinipendo alijiweka sawa kilemba, akijua alivyozeeka tangu mara ya mwisho alipoonwa vizuri.

"Hicho kitenge," akasema Efraimu, "ni kipya?"

Kilikuwa na miaka mingi. Elinipendo akasema ndiyo, ni kipya.

Jicho la pili lilifanyiwa baada ya wiki chache, na siku ya kupanda ikafika. Masale hayakutafutwa mbali. Ilionekana kwamba siku ileile ya mtaro, kabla hata ya maneno kupoa, Yuditha alikuwa ameokota mashina yote akayazika kwenye udongo wa maji kando ya mfereji, chini ya mgomba, na wakati wote ambao nyumba mbili hazikusalimiana alikuwa akiyamwagilia. Yalikuwa yametoa mizizi. Elinipendo aliyabeba mwenyewe, akashindwa kusema asante jinsi alivyotaka, akasema tu kwamba yamenenepa.

Wanaume walivuta kamba kutoka jiwe la juu hadi jiwe la chini. Julius alikuja kushuhudia. Hosea alichukua shina la kwanza, akalishindilia, akachukua la pili. Efraimu alikuwa akimfuata na jembe. Akasimama.

"Hosea, umeingia kwako."

Hosea alisema haoni kitu kama hicho. Efraimu alisema yeye anaona. Kamba iko hapa, shina liko pale, ndani ya kihamba cha Hosea kwa upana wa kiganja. Hosea alisema kiganja si kitu, na yeye watoto wake wako Dar, ardhi hiyo hawaitaki, liache. Efraimu alisema haliachwi. Akaling'oa taratibu, kwa mkono, bila sururu, akalipanda upande wake, kwa upana wa kiganja.

"Sasa umeingia kwako," akasema Hosea.

"Nimeingia."

Hosea akainama, akaling'oa. Julius alipendekeza wapande penye kamba, kwa kuwa ndiyo kazi ya kamba. Hawakumsikia. Mmoja alisogeza huku, mwingine akarudisha kule, na kila mmoja akamwambia mwenzake kwamba uzee umempa ubishi. Yuditha alikuja na birika, akalitua kwenye nyasi, akaketi. Elinipendo akaketi karibu naye. Walingoja, wanaume hawakuja, chai ikapoa. Kwa hiyo Elinipendo alilichukua birika akaenda kuipasha tena.